MLIO USIOJULIKANA KATIKA MOTOKAA KUUKUU
Somo la Kutafuta Asili Yake

Wasomaji wetu, kila aliyepata kuwa na motokaa kuukuu, au kupanda ya mwenziwe, anajua jambo hili: siku moja gari huanza kutoa mlio ambao jana haukuwapo. Hugongagonga, au hutetema, au hulia kama changarawe ndani ya kopo. Abiria husema, "Hilo ni gari la zamani, ndiyo desturi yake," na dereva hujizoeza kutousikia. Tena wako wengine ambao, wakiusikia mlio, hukimbia dukani kununua vyombo vipya pasipo kujua kilichoharibika. Njia zote mbili ni mbaya. Ya kwanza yaweza kuua watu, na ya pili humaliza fedha. Katika somo hili twataka kuonyesha njia ya tatu, nayo ni kuuhoji mlio kama wazee wa baraza wanavyomhoji shahidi, neno baada ya neno, hata useme unakotoka.

KISA CHA MWALIMU

Mwalimu mmoja, rafiki yangu, alikuwa na motokaa ndogo iliyotengenezwa mwaka 1996. Katika kijiji chake ndiyo motokaa pekee, kwa hiyo si yake peke yake. Mtu akiumwa usiku, au mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, watu hubisha hodi kwa mwalimu. Njia ya kwenda hospitali ni ya udongo na mawe, na mwisho wake kuna mteremko mrefu wenye kona.

Motokaa hiyo ikaanza kulia mbele, upande wa kushoto, kila ipitapo penye mawe. Mwalimu akaipeleka kwa fundi, akasema, "Fundi, inagonga mbele." Fundi akasema, "Ni shokapu." Zikanunuliwa shokapu mbili, zikatiwa. Mlio haukukoma. Akaenda kwa fundi wa pili, naye akasema ni bushi za mikono ya chini. Zikabadilishwa zote. Mlio haukukoma. Wa tatu akabadilisha vijiti vya stabilaiza. Mlio ukawa kama ulivyokuwa, na fedha za karo ya mtoto zilikuwa zimekwisha.

Mafundi hao hawakuwa wajinga, wala hawakuwa wezi. Kila chombo walichokitaja huweza kulia namna hiyo. Kosa lao lilikuwa moja: walijibu kabla ya kuuliza. Na kosa la mwalimu lilikuwa kwamba alipeleka maneno mawili tu, "Inagonga mbele," wala hakupeleka habari zaidi. Mgonjwa amwambiaye mganga "Naumwa" kisha akanyamaza, atapewa dawa ya kubahatisha.

KWA NINI MLIO HUDANGANYA

Yafaa kwanza tujue sababu ya ugumu wenyewe. Sauti hupita katika hewa kwa mwendo wa meta 340 hivi kwa sekunde moja, lakini katika chuma hupita kwa mwendo wa meta 5,000 na zaidi. Basi kitu kikigonga chini ya gari, sauti yake hukimbia katika chuma cha bodi, ikatokea mahali pengine penye bati pana, kama mlangoni au chini ya miguu ya dereva. Bati lile hutetema kama ngozi ya ngoma. Sikio husema, "Ni hapa," kumbe aliyepiga yuko mbali.

Tena kila kitu kina mtetemo wake wa asili. Mtoto aliye katika pembea, ukimsukuma kwa wakati wake hupanda juu sana, na ukimsukuma ovyo hapandi. Bati lililolegea ni hivyo hivyo. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 800 kwa dakika, hupiga mapigo 27 hivi kila sekunde. Ikizunguka mara 2,400, hupiga mapigo 80. Ikiwa mtetemo wa asili wa bati hilo ni 80, basi litanyamaza injini iendapo polepole, litapiga kelele mwendo ufikapo pale, kisha litanyamaza tena mwendo ukizidi. Ndiyo maana motokaa hulia njiani, na mbele ya fundi ikawa kimya, hata mwenyewe akaona haya.

MASWALI MATATU

Kabla ya kushika spana, chukua daftari na kalamu, ukajibu maswali haya.

Swali la kwanza: Mlio wafuata nini, injini au magurudumu? Simamisha motokaa mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka gia huru, kisha ongeza mafuta polepole. Mlio ukisikika, umekwisha jua kwamba magurudumu hayamo, maana hayakuzunguka. Tafuta katika injini, bomba la moshi, na vyote vilivyofungwa karibu yake. Usiposikika, huenda umo katika magurudumu, springi, breki au usukani. Kumbuka pia kwamba gurudumu lenye mzunguko wa meta 1.8 huzunguka mara 9 hivi kila sekunde, motokaa iendapo kilometa 60 kwa saa, na nusu yake iendapo 30. Mlio wa "tak, tak, tak" unaoongezeka na kupungua pamoja na mwendo wa gari, hata ukibadili gia, ni wa kitu kizungukacho pamoja na gurudumu.

Swali la pili: Mlio hutokea lini? Asubuhi injini ikiwa baridi, au baada ya kupata moto? Katika lami, au katika mawe tu? Ukikata kona ya kulia, au ya kushoto? Ukipanda mlima, au ukishuka? Ukikanyaga breki huzidi, hupungua, au hubaki vile vile? Andika yote, hata yale unayodhani hayana maana.

Swali la tatu: Ulianza lini, na gari lilifanyiwa nini kabla yake? Swali hili husahauliwa na wengi, nalo lapita yote kwa thamani. Mlio ulioanza baada ya matengenezo, kwanza utafutwe pale mkono wa mwisho ulipopita. Bolti isiyokazwa, klipu isiyorudishwa, spana iliyosahauliwa chini ya boneti, hayo ni mambo ya kila siku.

Kazi ya kusikiliza yataka watu wawili, mmoja aendeshe na mwingine asikilize. Dereva asisikilize huku akiendesha, maana macho yake yatakuwa njiani na moyo wake mahali pengine. Kama kuna ukuta mrefu kando ya barabara, piteni karibu nao polepole, madirisha yakiwa wazi. Ukuta huirudisha sauti, na mlio wa chini ya gari husikika dhahiri, hata upande wake ukajulikana.

KABLA YA YOTE, TOA MIZIGO

Jambo jepesi lifanywe kwanza. Ondoa kila kitu kilichomo garini: jeki, spana, chupa za soda, majembe, na tairi la akiba. Tazama ndani ya vijisanduku vya milango na chini ya viti. Shika betri uitikise, maana betri isiyofungwa hugonga kama nyundo, tena yaweza kugusa chuma ikaleta moto. Fungua na kufunga boneti na buti, uone kama vimeshikwa vizuri. Kisha endesha tena katika njia ile ile. Wengi wamenunua shokapu mpya, kumbe kilichokuwa kikigonga ni jeki.

ALAMA ZA MILIO INAYOJULIKANA

1. Mlio wa bati jembamba, unaosikika gari likiwa limesimama, katika mwendo mmoja tu wa injini. Mara nyingi ni bati la kukinga joto lililo juu ya bomba la moshi. Kutu hula matundu ya bolti zake, likalegea. Subiri bomba lipoe kabisa, kisha ligonge taratibu kwa ngumi. Likilia, umempata mwizi. Laweza kufungwa kwa klipu ya chuma, wala halihitaji chombo kipya. Bali ukisikia kama mawe ndani ya sanduku la bomba, basi matumbo ya sanduku hilo yamevunjika.

2. Kugongagonga penye vishimo vidogo, hasa upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka. Chunguza vijiti vya stabilaiza. Chuma cha stabilaiza hujipinda pale tu magurudumu mawili yasipokwenda sawa. Kwa hiyo, ukipita juu ya tuta magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja pakawa kimya, na penye vishimo vya upande mmoja pakawa na mlio, shaka ya vijiti hivyo ni kubwa.

3. "Tak, tak, tak" ukikata kona kali, katika motokaa zinazovutwa na magurudumu ya mbele. Ni kiungo cha nje cha ekseli. Tazama mpira wake kama umechanika, maana mpira ukipasuka grisi hutoka, na mchanga huingia.

4. Mgongo unaosikika mkononi kwa njia ya usukani. Hapo pana hofu ya viungo vya usukani au boljointi. Kiungo hicho kikiachana, gurudumu hulala upande na dereva hana amri tena juu ya gari. Usiendelee na safari ya mbali.

5. Mgongo mzito unaozidi kadiri mwendo unavyozidi, na gari likitikisika. Simama mara moja, ukatazame nati za magurudumu. Zikiwa zimelegea, zikaze kwa kuvuka, yaani baada ya moja ukaze inayoielekea, wala si kwa kufuata mzunguko. Baada ya kilometa 50 hadi 100 zitazamwe tena.

6. Mgongo mzito ndani ya injini unaozidi ukipanda mlima, au taa ya mafuta ya injini kuwaka. Zima injini hapo hapo mara ukiisha kusimama mahali pa salama. Injini isiyo na mafuta hujisaga yenyewe kwa dakika chache tu.

Milio ya namba 4, 5 na 6 haingoji mwisho wa mwezi. Mwenye motokaa aanze na hii kila mara, hata kama anadhani mlio wake ni wa bati tu, kwa kuwa bati litamwudhi, lakini gurudumu litamwua.

JINSI MLIO WA MWALIMU ULIVYOPATIKANA

Sasa turudi kwa rafiki yetu. Katika kijiji cha pili aliishi mzee mmoja aliyeendesha malori miaka mingi, naye alikuwa amekwisha kustaafu. Mwalimu akamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Naisikia motokaa yako tangu ilipokuwa mtoni. Ilianza lini kulia hivyo?"

Mwalimu akafikiri, akasema, "Yapata miezi minne."

"Na kabla ya hapo ilitengenezwa nini?"

"Hapana kitu, mzee. Pedi za breki tu."

Yule mzee hakujibu neno. Akaingia garini, akaketi kando ya dereva, akasema, "Twende pale penye mawe, polepole." Walipofika, mlio ukaanza. Mzee akasema, "Usisimame. Gusa breki kidogo tu, kama unayekanyaga yai, na gari liendelee." Mwalimu akafanya hivyo, na mlio ukanyamaza. "Achia." Mlio ukarudi. Wakafanya mara tatu, na mara zote tatu ikawa vile vile.

Wakarudi uwanjani. Wakazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, wakainua mbele kwa jeki, wakaweka magogo mazito chini ya chasisi, ndipo wakatoa gurudumu la kushoto. Nyuma yake kuna chuma kinachozishika pedi na kuzibana juu ya sahani ya breki, mafundi hukiita kalipa. Hicho hushikwa na bolti mbili. Ya juu ilikuwa imelegea. Ya chini ilikuwa imeshikwa na nyuzi mbili tatu za mwisho, hata mzee aliitoa kwa vidole vyake pasipo spana. Na zile springi ndogo ambazo huzuia pedi zisichezecheze hazikuwapo kabisa. Aliyetia pedi mpya hakuzirudisha.

Sasa maana ya jaribio lile ni wazi. Penye mawe kalipa ilikuwa ikicheza na kugonga. Mguu ulipogusa breki, mafuta ya breki yalisukuma pedi zikaishika sahani, na kalipa nzima ikakazwa mahali pake, ikawa haina nafasi ya kugonga. Mguu ulipoachia, nafasi ikarudi. Basi mlio ulikuwa umesema jina lake tangu mwezi wa kwanza, ila hapakuwa na aliyeuuliza.

Kama bolti ile ya chini ingalitoka, kalipa ingaliweza kuinuka na kujikwaa katika gurudumu, au kukata mpira wa mafuta ya breki. Juma moja kabla ya siku hiyo, mwalimu alikuwa ameshuka mteremko ule wa hospitali usiku, na ndani ya gari alikuwamo mama mwenye uchungu na mama mkwe wake. Alipokumbuka hayo aliketi juu ya gogo, asiseme neno kwa muda mrefu.

Bolti mbili mpya na springi zikapatikana. Pini zikasafishwa na kupakwa grisi inayostahimili joto, bolti zikakazwa kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari, na upande wa kulia ukatazamwa pia. Fedha zote hazikufika sehemu ya kumi ya zile zilizopotea.

TAHADHARI

Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tupu. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Weka magogo mazito au stendi za chuma. Asifanye kazi karibu na mkanda wa injini akiwa amevaa kanzu, kanga au nguo yenye kuning'inia. Feni ya umeme yaweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, maadamu bado ina moto. Wala asijaribu kuzima injini njiani ili asikilize vizuri, maana usukani waweza kufungika na breki zikawa ngumu.

Kwa kusikiliza injini, ufimbo mkavu au bisibisi ndefu yafaa sana: ncha moja uiweke juu ya chuma kisichozunguka, na ya pili karibu na sikio. Hila hii ina ndugu yake hospitalini. Mwaka 1816 mganga wa Ufaransa, René Laennec, alikunja karatasi ikawa bomba ili asikilize moyo wa mgonjwa, na hapo ndipo chombo cha kusikilizia cha waganga kilipoanzia. Fundi na mganga wote wawili hufanya kazi moja: hutafuta ugonjwa usioonekana kwa njia ya sikio.

MWISHO

Mambo ya kukumbuka ni haya. Uliza kabla ya kufungua. Anza na yanayoua. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribu katika njia ile ile, la sivyo hutajua kipi kilichoponya. Na fundi akimaliza kazi, usione haya kumwomba azitazame tena bolti alizozigusa. Fundi mwema hatachukizwa na neno hilo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ufa wa motokaa hauonekani kwa macho, bali husikika. Atakayeusikiliza mapema ataufunga kwa bolti moja.

MASWALI KWA WANAFUNZI NA WASOMAJI

1. Kwa nini mlio huonekana kutoka mahali ambapo sipo unapotoka?
2. Utajuaje kama mlio wafuata injini au magurudumu?
3. Mlio wa mwalimu ulinyamaza alipogusa breki. Eleza sababu.
4. Mafundi watatu wa kwanza walikosa swali gani?
5. Ni milio ipi inayompasa dereva asimame mara moja, na kwa nini?